Forodhani, Bustani Isiyo na Lango

Saa sita mchana Forodhani haina cha kumpa mgeni. Jua linachoma sakafu ya mawe, wauza vyakula bado wako majumbani wanamenya kamba na kutwanga thomu, na wenye bustani kwa saa hizo ni paka, ambao wamegawana vivuli bila ugomvi. Kila mtu atakushauri uende jioni. Mimi nilitangulia mchana kwa makusudi, maana jioni watu na moshi huifunika bustani hii hata usione imejengwaje, na safari hii kujengwa kwake ndiko kulikonileta.

Nilikuwa nimeshuka boti ya Dar es Salaam bandarini Malindi. Ukishawashinda papasi wa pale nje, wanaotaka kukubebea hata mkoba wa begani, unaifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Mkono wa kushoto majumba yamepanga safu. Kuna zahanati ya zamani iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan, na roshani zake za mbao zilizochongwa. Kuna Mti Mkubwa, uliopandwa na Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1911, ambao chini yake wenye mashua bado wanapiga soga. Kuna jengo la forodha ya zamani, ambalo kwa miaka mingi ghorofani mwake ulisikia fidla na ganuni za wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA. Halafu kasri la Beit al-Sahel, Beit al-Ajaib, na mwisho Ngome Kongwe. Mbele ya hayo mawili ya mwisho, baina ya barabara na maji, ndipo ilipo bustani. Sidhani kama Afrika Mashariki kuna bustani nyingine iliyojaaliwa majirani wa namna hii.

Ardhi yenyewe ilifanya kazi nyingi kabla ya kuoteshwa nyasi. Waomani waliijenga ngome baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, pale pale palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Pwani ya mbele yake ilikuwa ya mizigo na ushuru: karafuu, pembe za ndovu, na binadamu waliouzwa na kununuliwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilitia nanga hapo mbele na kulimiminia kasri mizinga kwa muda usiotimia dakika 40, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti bila ya ridhaa yao. Watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa na reli ya kwenda Bububu, safari ya kama kilomita 11, na treni ilianzia hapa ngomeni. Leo watoto wanacheza mpira mahali ambapo injini ilikuwa ikipumua, na hakuna hata kibao cha kuwaambia.

Bustani ilikuja mwaka 1936, Sultani Khalifa alipoadhimisha miaka 25 ya kukaa kitini. Ilikuwa zawadi ya sherehe na ilipangwa kisherehe, na kibanda cha bendi kikawekwa katikati ili watu wapite, wakae, wasikilize muziki, kisha warudi majumbani kwao wakiwa na adabu zao. Mchoro huo wa kwanza ulimtaka raia awe mtazamaji.

Raia hawakuutii. Usultani uliondoka na Mapinduzi ya 1964, na miaka iliyofuata wapishi wakaurithi uwanja. Nilipofika hapa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi mapema miaka ya 2000, sikuona bustani hata kidogo. Niliona giza lenye karabai na vibatari, meza zimebanana, matope miguuni kwa kuwa maji ya kuoshea sahani hayakuwa na pa kwenda, na pembeni ukuta wa bahari umeliwa chini kwa chini na mawimbi hata sehemu nyingine ukaogopa kuusogelea. Nyasi zilikuwa zimekufa zamani. Chakula kilikuwa kitamu mno. Nilikula pweza nimesimama, nikashikilia viatu mkononi.

Mji Mkongwe ulikuwa umekwishaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hapa ukumbini kwake pakawa pananuka. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikakubaliana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kazi ikaanza mwaka 2008, na mwaka 2009 bustani ikafunguliwa tena. Kwa mradi wa mjini, katikati ya mji wa kihistoria, huo ni mwendo wa kasi. Wakazi wa Nairobi wanaweza kusema zaidi juu ya hili. Bustani yao ya Uhuru, ile ambayo Wangari Maathai aliipigania mwaka 1989 isijengewe ghorofa 60, ilifungwa mwaka 2021 kwa ajili ya ukarabati, na waliozoea kulala kwenye nyasi zake saa ya chakula cha mchana wakasubiri hata wakachoka kuuliza. Miji yetu imetuzoesha ukarabati unaoanza na uzio wa mabati na kuishia na mlinzi mwenye kitabu cha risiti.

Nikaanza kukagua, mchana ule, mambo ambayo mgeni wa jioni hayaangalii. La kwanza ni ukuta. Huu ndio uliokula kazi nzito, na ndio usiopigwa picha, maana watu huupa mgongo na kupiga picha ya bahari. Bila ya ukuta bustani ingekuwa inaondoka kidogo kidogo kila maji makuu yanapopanda. Miaka michache baadaye sehemu ya Mizingani, kuelekea bandarini, nayo ilijengewa ukuta mpya kwa mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo sasa mtu anaweza kutembea kutoka bandarini hadi Forodhani bila ya kuiona bahari inaing'ata barabara.

La pili ni mitaro. Niliinama nikachungulia. Mzee mmoja aliyekuwa kivulini na gazeti lake akanitazama kwa muda, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Umepoteza kitu, bwana?"

"Hapana, mzee. Salaam aleikum. Natazama maji yanapita wapi."

"Wa aleikum salaam. Yanapita huko huko chini. Zamani yalikuwa yanapita hapa," akaonyesha viatu vyake, "na huku juu tunakula."

Mzee huyu, ambaye alinieleza kwamba amezaliwa Shangani na hajawahi kuona sababu ya kuhama, ndiye aliyenifundisha kuisoma Forodhani. Kwa maoni yake wachoraji walifanya jambo moja la akili nalo ni kuwatazama wapishi kwanza, kisha ndipo wakachora. Sehemu ya meza imewekwa sakafu ngumu inayooshwa. Umeme umefikishwa. Taa zimepangwa ili mwanga umfikie anayekata kamba na anayehesabu chenji. Nyasi zimetengwa na majiko, miti ya zamani imeachwa palepale ilipokuwa, viti vya kukalia vimewekwa chini yake, na watoto wamepewa eneo lao la kuchezea. Wakati wa ujenzi wauzaji walihamishwa, na mji mzima ulinong'ona kuwa hawatarudi, kwamba pale patafanywa mahali pa wageni wa mahoteli. Walirudi, na wakarudi kwa wingi.

Mfuko ule ule wa Aga Khan ndio uliogeuza jalala la karne nyingi mjini Cairo kuwa bustani ya al-Azhar, iliyofunguliwa mwaka 2005. Bustani ile ni kubwa mara nyingi kuliko hii na sifa zake zimeenea, lakini mlangoni unakata tiketi. Forodhani haina lango. Unaweza kuingia kwa kutokea Shangani kwa kupita chini ya nyumba ya mayatima, unaweza kuingia kwa kutokea Ngomeni, unaweza hata kuingia kwa kutokea majini, na wapo wanaofanya hivyo.

Wanaofanya hivyo ni vijana wa makachu. Saa kumi na nusu, bahari ikiwa imejaa, walianza kukusanyika. Makachu hayataki maji mapwa. Anayejirusha kabla ya wakati atakutana na mchanga. Kijana anarudi nyuma hatua kadhaa, anakimbia, anakanyaga ukingo wa ukuta na kujipindua hewani mara moja au mbili, mikono imebanwa kifuani, halafu anatoweka na kuwarushia maji wasichana waliokaa karibu, na nadhani hao ndio waliokusudiwa tangu mwanzo. Mmoja aliruka na kanzu yake. Mwingine aliruka akiwa ameshika mwavuli. Wazungu wanapiga makofi na kurekodi, baadhi yao wanatoa fedha, na wapo vijana ambao sasa picha zao zinatazamwa mitandaoni katika nchi wasizozijua. Mhandisi aliujenga ukuta kwa ajili ya mawimbi. Vijana wameufanya jukwaa, na hakuna aliyewapa kibali wala aliyewanyima.

Nyuma yao wauzaji walikuwa wanawasili na mikokoteni. Kutandika Forodhani ni kazi yenye utaratibu wake: meza kwanza, kitambaa, halafu makaa, halafu trei zinapangwa, pweza upande huu, ngisi upande ule, kamba, changu, mishikaki, mkate wa ufuta, muhogo, ndizi. Kofia nyeupe za mpishi huvaliwa mwisho. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa bustani ilipungua watu kwa dakika chache, kisha ikafurika. Mwezi wa Ramadhani, mzee alinieleza, mambo huhama kabisa: mchana huoni hata kikombe, na baada ya futari watu hawalali.

Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya meza ya pizza ya Zanzibar, chakula ambacho Mtaliano angekikana mahakamani. Kijana alichukua donge dogo la unga lililolowa mafuta, akalipigapiga kwa kiganja juu ya ubao hadi likawa jembamba kiasi cha kuuona ubao chini yake. Akaweka kipande kingine kidogo cha unga katikati, ili pasitoboke. Katika bakuli alichanganya nyama ya kusaga iliyoiva, kitunguu, pilipili boga, jibini na kijiko cha mayonaizi, akavunja yai, akakoroga mara mbili tatu, akamimina katikati ya unga na kuzikunja kingo pande zote nne kama bahasha. Ikaingia kwenye tava. Muda wote huo alikuwa akizungumza Kiitaliano na wateja wawili, Kiingereza na mmoja, na Kiswahili cha Kikae na mwenzake wa meza ya jirani, ambaye alikuwa akimlaumu kwa kumchukulia koleo.

"Kaka, ya nyama au ya pweza? Na tamu ninayo, ya embe na chokoleti."

"Ya nyama. Bei gani?"

Akanitazama usoni, akapima lafudhi yangu, akataja bei. Haikuwa ya mtalii, na haikuwa ya mtoto wa Mji Mkongwe. Nikakubali kwamba mtu wa Tanga anastahili kuwekwa hapo katikati.

Hili la bei ndilo lawama kubwa ya wenyeji, na wana haki. Niliuliza kwenye kiti kimoja cha mawe, ambako mama wawili walikuwa wamekaa na watoto wao na chupa ya chai waliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Urojo unakula hapa, dada?"

"Hapa?" Akacheka. "Urojo nakula kwetu Michenzani. Hapa nakula upepo."

Mwenzake akaongeza kuwa mwanawe akililia mshikaki humnunulia mmoja, ili mambo yaishe. Wanakuja kila wiki na hununua vitu vichache mno. Katika hesabu za biashara watu hao hawana faida, na mahali pengi wangeondolewa kwa upole na kiti chenye meza ya hoteli kikawekwa hapo. Forodhani inawaacha wakae. Naamini ndio wanaoifanya bustani iwe bustani, maana mgeni anayetoka Ulaya hakulipa nauli ili aje kuwatazama wageni wenzake.

Lawama nyingine ni za kweli pia. Kuna vijana wanaokushika mkono kukuvuta mezani kwao, na anayekula bila ya kuuliza bei kwanza huletewa hesabu ya kumtoa jasho. Muuzaji mmoja alinihesabia mshikaki ambao sikuuona. Tukabishana, akaufuta bila ya kuona haya. Plastiki inaokotwa usiku na asubuhi ipo tena. Nyasi zilizo karibu na meza zimekanyagwa hata zikakata tamaa. Mchoraji hawezi kuyamaliza hayo. Ramani humpa mpishi mtaro na taa, lakini bei ya haki na pipa la taka linalomwagwa kila siku vinahitaji mtu wa kusimama hapo kila jioni, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya wafadhili kukata utepe na kupanda ndege.

Nilikwenda kwenye meza ya urojo hata hivyo, kwa ubishi. Mama muuzaji alichota supu ya njano kutoka kwenye sufuria, nzito kidogo kwa unga, kali kwa embe mbichi, akatia viazi, bajia, kachori, mishikaki aliyoivua kwenye vijiti, akamalizia na chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Pilipili aliniuliza mara mbili, kwa huruma. Sijala urojo wa Michenzani wa kuulinganisha nao, kwa hiyo yule dada nitamwamini kwa sasa.

Ukiinua macho kutoka kwenye bakuli, unaona Beit al-Ajaib, au unaona mahali lilipo na lisipokuwepo. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa jengo la kwanza hapa kuwa na umeme na lifti, likanusurika ile mizinga ya 1896, likaja kuwa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati unaendelea, upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Tangu hapo limezungushiwa uzio. Kwa miongo mingi mnara ule ndio uliokuwa alama ya mji kwa anayeingia na chombo. Sasa nahodha anayekuja usiku anaona kwanza taa na moshi wa bustani. Majengo ya fahari yalihitaji kutunzwa na watu walioyaogopa kidogo. Bustani ina watu wanaoipigia kelele taa moja ikizimika, kwa kuwa wanahitaji kuona kamba zao.

Nikamrudia mzee wangu, ambaye alikuwa amehamia upande wa kibanda cha bendi. Kibanda hicho kingalipo, kimekarabatiwa pamoja na bustani. Jioni ile wasichana walikuwa wanapigiana picha hapo. Ng'ambo ya barabara, ndani ya Ngome Kongwe, hufanyika Sauti za Busara tangu mwaka 2004 na tamasha la filamu la ZIFF lililoanza 1998, na sauti zake huvuka kuta na kufika hapa bila ya tiketi. Lakini siku zisizo za tamasha muziki wa Forodhani ni spika ya simu ya muuza juisi ya miwa. Nilimwambia mzee kwamba jambo hilo linanishangaza: mji wenye Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa 1905, unawezaje kuwa na kibanda cha bendi kisicho na bendi?

"Bendi ya Sultani ilikuwa ikilipwa na Sultani," akasema. "Hiyo yako atailipa nani?"

Nikasema usiku mmoja kwa wiki unatosha. Udi, fidla, ganuni, dumbaki, waimbaji wawili.

"Na nauli zao. Na chai. Na mtu wa spika, maana bila ya spika huku watasikia wale paka tu." Alikuwa amekwishaanza kuhesabu kwa vidole. "Wapishi wachange. Kila meza shilingi elfu mbili, usiku wa taarabu tu. Watu wakikaa kusikiliza, watanunua."

Muuza juisi, ambaye hatukujua kuwa anatusikiliza, aliacha kuzungusha gurudumu la mashine yake, muwa ukabaki nusu ndani nusu nje.

"Mchango mwingine tena, mzee?" akasema. "Basi niwekwe karibu na jukwaa. Na yule wa pizza asije upande huu."